Moyo kwa Kinubi

Wiki ya kwanza ya muhula, hapa Bweyale,
mabati yanalia kwa jua
na malori ya Gulu yanatikisa chaki kwenye kingo ya ubao.
Nina watoto thelathini na wanane, mikeka sita.
Mkurugenzi amebandika karatasi mlangoni:
Kiingereza tu.
Watoto hawajui kusoma. Karatasi inanisoma mimi.

Saa nne kasoro Kaltumi akasimama,
mtoto wa yule mama anayesuka vifuniko vya sahani
kwa ukindu wa rangi.
Tangu Jumatatu hakuwa ametoa neno.
Akashika kifua, akasema: Moyo.

Moyo?
Moyo, na midomo imepauka.

Kiswahili nilikirithi kwa baba, askari magereza wa Masindi,
nacho kikanituma magotini,
sikio juu ya sare mpya iliyonuka bado duka.
Ulidunda vizuri tu, kama mtoto anayeruka kamba.
Unauma?
Moyo.
Wapi?
Moyo!
Nikapapasa simu nimpigie muuguzi,
nikiwaza mabaya yote niliyowahi kuyasikia.

Ndipo Ocan, miaka minne, kamasi zimemkaukia,
akainuka bila ruhusa,
akaenda pembeni kwenye jerikani ya njano,
akaiinamisha kwa tumbo lake
na kuja na kikombe cha plastiki, nusu kimemwagika njiani.
Kaltumi akanywa mpaka maji yakamfika viwikoni.
Akashusha pumzi. Akanitazama.
Akasema tena, polepole, kama anayemfundisha mjinga:
Moyo.

Ocan hajui Kinubi.
Kwao ni Waacholi tangu babu wa babu.
Mimi nililishika neno;
yeye alitazama macho ya mwenzake yalikoelekea.

Basi nikaketi sakafuni, sketi na vumbi lake,
nikainua kikombe:
hiki kilichomo, mama nyumbani anakiitaje?
Pii, akasema Ocan.
Piu, akasema Majok, na wakaangaliana
kama watu waliokutana sokoni
wamevaa shati la kitambaa kimoja.
Amaizi, wakasema Nyangoma na Nyakato,
kwa pamoja, wanavyosema kila kitu.
Yi, akasema Candiru. Fupi hivyo. Tone.
Nikayaandika yote kwa chaki ubavuni mwa jerikani,
na la Kaltumi juu kabisa,
maana ndilo lililotupatia somo.

Nilipokuwa na umri wao
nilivikwa kibao shingoni kwa sababu ya amaizi.
Nilishinda nacho mpaka kengele ya jioni.
Mwalimu aliyenivika hakuwa mkatili, alinipenda,
aliniletea ndizi siku ya pili.
Lakini hakuna aliyeuliza nilichokuwa nasema.
Nilikuwa naomba maji.

Saa sita mkurugenzi akapita.
Akaitazama jerikani. Akaitazama karatasi yake.
Na Kiingereza kiko wapi?
Nafasi ipo, nikasema, hapo karibu na mpini.
Akasimama muda. Akachukua chaki,
akaliandika neno mwenyewe, kwa herufi kubwa mno,
akafuta vidole kwenye suruali, akaenda zake.
Karatasi hakuibandua.

Jioni mama Kaltumi akaja, ukindu begani,
nikamsimulia nilivyomsikiliza bintiye kifua
kama daktari wa serikali.
Alicheka mpaka akashika ukuta.
Mwalimu, akasema, na moyo wa kwenu, huo unaodunda,
sisi pia tunao. Tunao na jina lake.
Akaniambia.
Nikalirudia mara tatu hadi langoni,
likapita lori la ng'ombe,
likaondoka nalo.

Kesho nitauliza tena.
Nitasimama mbele ya Kaltumi na kujishika kifua,
nimwonyeshe ninachokitafuta.
Na najua atakalofanya kwanza:
ataniletea maji.