Fasili

Kiongozi wa mashtaka aliuliza kwa pumzi moja:
Je, shahidi anajua mjukuu wake anashtakiwa kwa ugaidi?
Macho yote yakanigeukia mimi,
ninayelipwa kwa siku, bila marupurupu,
kulivusha neno kutoka meza ya wakubwa
hadi sikio la Bi Zaituni Makokha,
aliyeondoka Mumias alfajiri na chupa ya chai ya rangi,
asiyejua ila Kiwanga, na Kiarabu cha sala.
Mkoba uliolipuka Kisumu hii, kituo cha basi, ulikuwa wake.
Ndani alikuwa akiweka kanga ya maziko.

Nikalishika neno kama sufuria bila kitambaa.
Nikasema: omwifi.
Akatikisa kichwa. Mwizi huondoka na kitu.
Twaha aliondoka na nini?
Nikasema: omwiri, muuaji.
Akanyamaza. Hilo lilimfika.
Wakili akasimama, joho likimteleza begani:
hajashtakiwa kwa kuua tu, ni kuua ili kutisha.
Basi nikamwambia bibi: muuaji
ambaye shabaha yake ni wale waliobaki hai.

Alifikiri sana. Feni ilikuwa ikigonga.
Kisha akasema, polepole, ili nisikose kitu:
Na wale walioshuka mlimani
wakakata watu masikio kwa sababu ya mashamba?
Na askari waliokuja nyuma yao na helikopta,
wakawalaza wanaume wote kifudifudi juani,
mume wa dadangu mmoja wao, hajaamka hadi leo,
hao neno lao ni lipi?

Hakimu akaniinamia: Shahidi anasemaje?
Nikasema: Anaomba maji.

Yakaletwa. Akayanywa kwa adabu,
akidhani ndiyo desturi ya mahakama
kabla ya jibu.

Saa ya chakula walinikuta koridoni na Twaha,
pingu, ndala, ndevu changa zisizojua upande.
Ulimi wake ulikuwa mwepesi; ulifundishwa usiku, simuni.
Wazungu, akasema, walimwita gaidi babu mzaa mama.
Leo shule ina jina lake.
Mwamba ngoma huvutia kwake, mzee.
Nikamkubalia nusu. Nusu hiyo ni kweli
na sitaki kumnyang'anya mtu kweli yake
kwa kuwa tu ameishika kwa mkono mchafu.

Lakini Obel? nikamuuliza.
Obel yupi?
Wa mayai. Ndoo ya bluu, kachumbari, kisu kidogo.
Akasema: hakuna asiye na hatia,
kila alipaye kodi ananunua risasi.
Alilisema kama mtu anayesoma ubao wa mbali.

Kodi ya Obel nilikuwa naijua.
Ushuru wa soko, kila asubuhi, risiti ya karatasi ya waridi,
na karatasi hiyo hiyo, ikifika mchana,
ndiyo aliyoifungia chumvi ya wateja.
Mimi mwenyewe nimeilamba serikali hiyo
iliyobaki kwenye kidole.

Kuna kitabu, akasema Twaha.
Najua. Na aliyekufundisha Alhamdu, herufi kwa herufi,
amekaa mle ndani na glasi ya maji.
Alikosea aya gani?

Hapo hakunijibu. Sisemi nilimshinda.
Askari alimvuta mnyororo, akaenda,
ndala moja ikabaki, nikaisukuma kwa mguu imfuate.

Usiku huo nilijaribu kuandika fasili yangu
nyuma ya fomu ya malipo. Nikafuta *serikali*.
Nikafuta *dini*. Nikafuta *haki*, inayobeba kila mtu.
Kilichobaki ni ndoo, na mtu aliyeinama
kuchagua yai lisilo na ufa.
Hakimu hawezi kuandika hivyo. Najua.

Lakini kabla ya usiku, getini, jua likitua Nyalenda,
bibi alinishika mkono wa shati.
Lile swali langu, mwanangu,
hakimu alijibuje?