Jani la Chupa

Jani lile nililichora mimi,
Chake Chake, ghorofa ya pili, feni imekufa.
Walilipa laki na nusu, taslimu.
Wakasema: lizidishe ubichi.
Nikalizidisha hadi likayapita majani yote ya Pemba,
na chini yake nikapanga maneno yao:
*Kila chupa, mkoko mmoja.*

Nikasahau. Kazi ni kazi.

Hadi Bi Time wa Kengeja,
anayepanda kwa kibarua, matope hadi magotini,
simu kaifunga ndani ya mfuko wa nailoni,
alipotuma hesabu yake:
miche iliyo hai, mia sita na kumi na mbili.
Kaihesabu mara mbili, wakati wa maji mafu
na tena baada ya bamvua,
kwani bahari nayo hufanya ukaguzi.

Shaame, karani wa bandari Mkoani, akaongeza lake:
chupa tupu zilizorudishwa kiwandani, sifuri.
Akaipigia mstari.
Salhiya wa baraza la mji akaweka uzito wa jaa.
Mwalimu wa hesabu ndiye aliyetengeneza jedwali,
moja, sote twaliona simuni,
kila mtu na safu yake,
wala hapana awezaye kufuta ya mwenziwe.

Safu moja ilibaki tupu.
*Chupa ngapi zimeuzwa?*
Kiwanda kilijibu: hiyo siri ya biashara.

Siku tatu nalitazama pengo lile.
Nina kodi ya duka. Nina deni la wino.
Lakini chupa haitoki bila lebo,
na lebo natoa mimi.
Usiku wa nne nikafungua kitabu cha risiti,
nikaandika: elfu tisini na nne.

Hapana aliyepiga makofi.
Bi Time alituma neno moja: Ahaa.
Mwalimu akatoa:
mikoko elfu tisini na tatu, mia tatu themanini na nane,
isiyo tope wala mzizi,
imeota kwenye gundi.
Tukaipeleka kwa wenye maduka, idara ya misitu,
na benki iliyowakopesha kwa ajili ya jani.

Jana wamenipigia, sauti laini.
Wanataka lebo mpya. Jani libaki,
maneno tu yabadilike: *Tunayapenda mazingira.*
Wamejifunza. Mapenzi hayahesabiki.

Nikauliza, ngapi?
Elfu hamsini.
Nikasema sawa,
nikaanza kuchora kwa mkono mmoja,
kwa wa pili nikafungua safu.