Bei ya Jiwe Zima

Nilidhani ni mtu wa madini.
Wote wanaoinama chini ya mwamba wa Nakalola
huwa wanatafuta kitu cha kuuza.
Akateremka kwenye bodaboda, mwembamba, mvi fupi,
tochi shingoni, mswaki mkuukuu mfukoni,
akaniamkia kwa Kimakua cha bibi zangu,
kile kisichosemwa tena hata msibani.

"Aurelia Namkoka. Wa hapa hapa Masasi, Chiungutwa.
Miaka thelathini na moja nimeingia mapango ya jangwani,
kule ambako mvua ni hadithi,
na ng'ombe waliochorwa ukutani wamenona
mahali ambapo leo hata mbuzi hapati jani."
Sikumsikiliza sana. Nilibakiza ndoo kumi na mbili
na lori la saa tisa halingoji mtu.

Mimi jiwe nalijua kwa sauti.
Likilia kwii, bado bichi, litakuumiza kiwiko;
likisema pwa, lina ufa: liwashie tairi,
limwagie maji, litajipasua lenyewe.
Yeye hakugonga. Hakugusa hata.
Alisogeza uso kama anayetaka kulibusu,
akazuia pumzi,
maana mvuke wa kinywa nao, alisema, ni maji.

Kisha akaniita.

Miaka tisa nimeegemea ukuta ule,
nikila muhogo, nikimnyonyesha Tekla.
Sikuwahi kugeuka.
Chini ya masizi ya matairi yangu,
chini ya salfa iliyopeperuka kutoka mikorosho ya akina Mchopa,
mstari wa ngeu,
kisha mguu,
kisha pofu mzima, shingo nene, ametazama nyuma
kama aliyesikia nyundo.

Pembeni, kiganja. Kidogo kuliko changu.
"Cha nani?"
"Sijui."
Miaka thelathini na moja, na sijui yake
ilikuwa safi, haina aibu,
kama sahani iliyooshwa.

Usiku alilala kwangu. Akafungua daftari:
mapango aliyoyaingia kwa tumbo, kama nyoka;
siku mbili za kunywa maji ya rejeta, gari limezama mchangani;
mume aliyechoka kungoja barua.
Goti la kushoto ni la chuma.
"Ujana wote nimenakili kuta za watu," alisema,
"na huu ulikuwa nyuma ya shamba la shangazi yangu.
Nilikuwa napita hapa na mzigo wa kuni."
Akacheka mpaka akakohoa.

Asubuhi hakunihubiria urithi wa taifa.
Alizunguka mwamba na futi kamba, akaniuliza:
"Hili lote, ukiliponda, ndoo ngapi?"
Nikalitazama kama ninavyotazama kila jiwe.
"Elfu nne. Labda na mia."
"Na ndoo moja?"
Nikamwambia. Nikaongeza mia mbili, yeye mgeni.
Akalipa ndoo sabini, alizoweza.
"Zisizopondwa," akakazia, akaandika risiti.
Sasa kila pensheni ikitoka hununua nyingine.

Majirani husema namlaghai mama wa watu,
namuuzia jiwe ambalo halijaondoka mahali pake.
Labda. Mimi nimehamia upande wa barabara,
kwenye jiwe lisilo na kitu.
Ila kabla ya kuwasha tairi nalizunguka,
nasogeza uso,
nazuia pumzi.
Lori linapiga honi.