Mstari Mtupu

Chang'ombe, ghorofa ya tatu, saa nne usiku.
Feni inazungusha joto lilelile la mchana.
Nimeumba mtu, nikamwita Mashaka:
hana baba, hana simu, hana kundi.
Nikaiuliza programu, ile tunayoiita Yumo,
herufi nyeupe juu ya weusi:
Mashaka ni wa kundi gani, anaruhusiwa nini?

Yumo ikanyamaza.
Mstari mtupu, kisha kishale, kinapepesa.

Hapo ndipo ninapolipwa.
Kunyamaza huku ni "hana",
au ni "sikutazama"?
Hata Zamoyoni wa getini hunyamaza
ukimwuliza kama bosi yumo.
Mara hayumo.
Mara yumo, kaagiza asemwe hayumo.
Mara Zamoyoni mwenyewe alikuwa msalani.

Nikachomoa waya wa seva yenye daftari la majina,
nikauliza tena.
Mstari mtupu uleule, na chini yake sifuri,
yaani kazi imekwenda salama.
Salama gani, na macho nimekufumba kwa mkono wangu?
Nikaandika kwenye ripoti: kosa la kwanza.
Asiyejua aseme hajui.

Nikamtia Mashaka bohari. Ikasema: bohari.
Nikamwongezea uhasibu. Ikasema: bohari;
la pili imelimeza
kama mwenye duka anavyomeza chenji ya mtoto.
Nikamtoa kote, nikamfuta na jina.
Bohari, ikasema. Bohari.
Kama marehemu Bi Siyawezi,
mpaka leo kwenye orodha ya michango ya harusi
anadaiwa elfu hamsini.
Kosa la pili. Kosa la tatu.
Chai imepoa, ina utando.

Kabla ya kuzima, nje ya jaribio,
nikaandika jina langu.
Haikusita, haikumeza kitu:
vibarua.
Miaka minne. Ruhusa za jengo zima
zimepita kwenye vidole hivi.
Nikaangalia mara mbili, nikitamani iwe imekosea.
Nikaweka tiki. Limefaulu.

Chini getini, kitabu cha wageni ki wazi,
kalamu imefungwa kwa uzi wa kiroba.
Jina, nikaandika. Saa ya kutoka, nikaandika.
Palipoandikwa "Anatoka wapi"
nikapaacha.

Zamoyoni akapatazama kwa tochi ya simu,
akanyamaza,
akafungua geti.