Kompyuta Isiyo na Mdomo

Kompyuta yangu ni nyembamba kama ahadi ya mgombea.
Nimeipapasa ubavu wa kushoto, nikaipapasa na wa kulia:
haina mdomo wa kumezea diski.
Walioiunda waliamua, bila kuniuliza,
kwamba dunia nzima imeshahama.

Mjomba Otari hajahama.
Yuko Racha, kule juu, anasambaza mikate kwa Opel kuukuu
ambayo redio yake hukata kauli ukishapita kona ya tatu.
Chini ya redio pana ufa mmoja
unaokula diski, na chakula kingine haukijui.

Basi Jumamosi, theluji imegeuka tope sokoni Kutaisi,
nikaingia dukani kwa Zurabi, kompyuta kwapani.
Nataka kichomaji cha nje, nikasema.
Hakucheka. Nilimshukuru kwa hilo.
Akainama chini ya kaunta, akapuliza vumbi,
akavipanga mbele yangu
kama daktari wa meno anayepanga koleo.

Hiki chembamba, lari sitini,
kinakunywa umeme wa kompyuta yenyewe.
Kompyuta ikichoka, nacho kinazimia.
Hiki kizito kama tofali kina waya wake wa ukutani,
hakizimii hata siku moja,
ila ukikibeba, bega litakusimulia.
Na hiki kinachong'aa, kinachoma hata filamu
(nilikigeuza, kibandiko cha bei kikatazama meza).

"Unachoma ngapi?"
"Moja."
"Moja!" Akavua miwani.
"Dada, pale kwa mpiga picha, mlango wa pili,
watakuchomea kwa lari tano, na kikasha juu."

Ningemwambiaje?
Kwamba mpiga picha angesikiliza kidogo, kwa wema tu,
akasema: wimbo huu una kasoro, sauti ya chini haipo,
ngoja nikurekebishie.

Haipo, ndiyo.
Mama na shangazi Lamara waliimba jikoni wakimenya jozi,
simu yangu imejificha nyuma ya mtungi wa siki.
Mmoja juu, mmoja katikati,
na kila mwisho wa mstari wanatulia, pumzi moja hivi,
wakimpisha kaka yao
ambaye hajakanyaga jikoni humo miaka kumi na mmoja
kwa sababu ya mistari minane ya mizabibu.
Hawajui kwamba wanatulia.
Niliwahi kuwauliza, wakaniona mwehu.

"Moja," nikarudia. "Nachoma mwenyewe."

Tukajaribu kile chembamba.
Taa ikawaka, kikakohoa, kikafa.
Zurabi akakuna shingo, akaenda nyuma,
akarudi na waya wenye mikia miwili,
mmoja wa kupitisha maneno, wa pili wa kuomba nguvu.
Akachomeka yote. Kikavuma
kama mbu aliyeshiba.
"Huu waya ni wangu," akasema. "Chukua."
Halafu, nikiwa mlangoni:
"Choma polepole, mwendo wa mara nne, usizidishe.
Redio za zamani hazisomi mwandiko wa haraka."

Usiku, mezani, nimekitandikia kitambaa kisiteleze.
Eti kuchoma, na hakuna moshi wala jivu,
wala harufu ya kumwamsha mama chumba cha pili.
Sahani inazunguka gizani mwake,
mwanga usioonekana unaandika mle
maganda ya jozi, kikohozi cha Lamara, sauti mbili,
na ile nafasi. Hasa ile nafasi.
Niliogopa mashine itaiona ni tupu, iiruke.

Asilimia tisini na tisa.
Ikakaa hapo muda wa kuchemsha chai.
Kisha trei ikatoka yenyewe, ya uvuguvugu,
na kioo kikaniuliza: Je, nihakikishe?

Nikabonyeza hapana.
Jumapili gari la mikate litashuka,
nitaitia diski chini ya masanduku matupu, bila jina.
Atakayehakikisha ni yeye,
akishapita kona ya tatu,
redio ikishakata kauli.