Lumbesa

Miaka kumi na mbili napima mizigo ya watu:
mbao mbichi za Mafinga, shaba ya Zambia,
viazi vya Njombe vilivyofungwa lumbesa
hadi gunia likaota kibyongo.
Nayajua malori kwa pumzi zake.
Lililozidi hupanda jukwaani likiugulia,
springi zimelala, tairi zimevimba mashavu,
nami nasema bila kuinua macho:
Umezidi. Paki pembeni.

Hakuna aliyeniambia mimi nipaki pembeni
ila Ngailo, dereva wa semi,
siku nilipotoka kibandani kukagua ekseli ya tatu
nikarudi nahema kama breki za upepo.
"Bosi," akasema, "wewe una ekseli mbili tu,
na kibali cha mzigo mpana sikioni."
Hata utingo wake akacheka,
kijana asiyejua bado kunyoa ndevu.
Nilimwandikia faini. Alistahili,
lakini kalamu niliikandamiza kuliko kawaida.

Usiku ule, saa tisa, ukungu umeziba barabara,
hapakuwa na gari. Nikavua buti
(kana kwamba buti ndizo zenye kosa)
nikasimama peke yangu
katikati ya jukwaa la tani themanini.
Namba nyekundu zikafikiri kidogo,
zikaandika: 120.
Mizani ile huruka ishirini ishirini;
chini ya hapo haijui kuhesabu.

Nesi Sekela wa zahanati hakucheka.
Alinifunga kitambaa cha presha, kikafura, kikalegea,
akaandika kitu, akakipigia mstari.
"Nipunguzie, dada," nikasema,
kwa sauti ileile wanayoniombea madereva.
"Sipunguzi mimi, baba. Punguza wewe."

Basi tukaanza. Nasema tukaanza
kwa kuwa mwenye mwiko ni Melania.
Ugali uliokuwa mlima ukawa kichuguu,
mnafu ukapandishwa cheo,
chai ikapoteza vijiko vitatu vya sukari
na wiki nzima ikawa na ladha ya bati.
Chipsi mayai za usiku, pale kwa Kihwele,
nilizipita kama mtu anayemkwepa mdai wake:
upande wa pili wa barabara, kofia machoni.

Pikipiki nikaiacha. Kilomita nne toka Lyamkena,
saa kumi na moja alfajiri, mwezi wa saba,
na upepo wa Makambako si upepo, ni mtu:
anakusukuma kifua, anakuuliza unakwenda wapi.
Siku ya kwanza nilisimama mara sita.
Nilijifanya nafunga kamba za viatu
ambazo, kwa tumbo lile, sikuwa nazifikia.

Simwongopei mtu. Agosti tulimwoza binti wa shemeji.
Nguruwe wa kuchoma, pilau, komoni kwa ndoo;
nilikula siku mbili
kama lori linalokwepa mizani kwa njia za panya.
Kilo tatu zikarudi nyumbani bila kubisha hodi.
Melania hakusema neno.
Alichukua viatu vyangu, akaviweka mlangoni.

Sasa ni Februari, mahindi ya njiani yamenipita kimo.
Nesi anasema kumi na moja zimekwenda.
Jukwaa la kazini halijaziona,
bado linaandika 120, na sililaumu,
halikutengenezwa kwa mambo madogo.
Lakini leo, karibu na reli,
kamba ya kiatu ilifunguka kweli.
Nikainama. Nikaifunga, mafundo mawili,
nikabaki nimeinama palepale
nausikiliza moyo
ukienda kama gari tupu linalorudi nyumbani.

Saa nne Ngailo akapanda jukwaani. Viazi. Lumbesa.
"Umezidi," nikamwambia, "kilo mia nne."
"Bosi, nipunguzie."
Niliinua macho, nikamwona: shati limeachia vifungo viwili,
jasho shingoni, na baridi yote hii.
Nikafunga daftari,
nikatoka kumsaidia kushusha.