Bilauri Sita

Rustavi, saa moja asubuhi, barafu juu ya mabati.
Nugzar ananifungulia mlango kwa goti,
mikono yake yote miwili ni grisi.
"Umekuja kuonja supu yangu?"

Nachutama kwenye shimo la kuoshea injini.
Utando wa rangi zote unatetemeka juu ya maji,
mzuri hata natamani kuushonea gauni.
Nazamisha chupa ya kioo.
Plastiki haifai: mafuta huikumbatia, hayabanduki.
Kwenye lebo naandika kwa kalamu ya risasi,
*gereji ya Nugzar, shimo la pili*.
Wino hufutika ukilowa. Risasi hubaki.

Risasi hubaki.
Nimeikuta pia kwenye tope chini ya betri zake,
risasi isiyo na mlio,
anayepigwa nayo hajui lini alianguka.

Maabara, bilauri sita, pangaboi sita ndogo.
Ya kwanza naiacha na uchafu wake.
Ya pili, shabu kidogo; ya tatu, zaidi;
nakoroga mbio, kisha taratibu,
kama mtu anayetafuta neno alilokuwa nalo jana.
Nazima. Nangoja.
Weusi unashikana, unakuwa mawingu,
mawingu yanakuwa mzigo,
mzigo unatua.
Kupitia bilauri ya nne nasoma saa ukutani.
Ya sita imevurugika upya: nilizidisha.

Baba yangu, Shalva, alikuwa na gereji barabara hiyohiyo.
Giza likiingia alimwaga oili mtaroni,
akasema Mtkvari ni mto mkubwa, utasahau.
Siku ya maziko shangazi zangu walimsugua
kwa ndimu, kwa mchanga, kwa brashi ya viatu.
Kucha zilikataa.
Alizikwa nazo nyeusi, kama aliyeitwa katikati ya kazi.

Alhamisi namrudia Nugzar na karatasi ya tarakimu.
Haisomi. Anainua bilauri ya nne, anainusa.
"Wewe ungekunywa?"
"Hapana."
"Basi si safi."
"Si safi. Ni nafuu."
"Na shabu nalipia mimi?"
"Wewe."
Anatukana kidogo, anauliza bei ya gunia,
anaiandika ukutani kwa kidole cha grisi.

Kisha anagonga kitako cha bilauri,
pale weusi ulipolala kimya.
"Na hili je? Hili linakwenda wapi?"

Hapo sina jibu.
Nina kifuniko.